Kushuti mitaani Dodoma: dalili, chanzo na dawa yake

Mwongozo huu ni wa timu ndogo: kamera moja au mbili, maiki za kubandika kifuani, gari la kuazima na ratiba iliyobana. Timu za aina hiyo ndizo zinazoshuti sana Dodoma siku hizi, ziwe za filamu fupi, tamthilia, video za muziki au makala, na matatizo yanayozikuta yanafanana. Nimeyapanga kwa kufuata kile unachokiona au kukisikia kwanza, kwa sababu ndivyo yanavyokuja: hedifoni inanguruma, mistari inatembea kwenye kioo, mlinzi anakuja mbio akipunga mkono.

Naomba ushike jambo moja. Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu, na dawa ya chanzo hiki haitibu kile. Ukibadilisha maiki, waya na mipangilio ya kamera kwa mpigo mmoja, tatizo linaweza kuondoka bila wewe kujua kilicholiondoa, na kesho likarudi. Gusa kitu kimoja, rekodi sekunde kumi, sikiliza au tazama, ndipo uguse kingine. Utagundua pia kwamba mara nyingi kifaa ni kizima. Kinachokusumbua ni mahali: upepo, jua, umeme, vumbi, na watu wenye shughuli zao. Mahali hapabadiliki kwa kununua kamera nyingine. Panasomwa mapema.

Sauti inanguruma, inakwaruza au inakatika

Naanza na sauti kwa sababu picha yenye kasoro mtazamaji huivumilia, lakini maneno yasiposikika anaondoka.

Ngurumo nzito inayokuja na kupotea ina washukiwa wawili: upepo na nguo. Kuwatenganisha ni rahisi. Mwambie mwigizaji asimame tuli, mikono chini, ahesabu taratibu hadi ishirini. Ngurumo ikikoma, ilikuwa nguo. Ikiendelea, ni upepo.

Upepo wa Dodoma si wa kubeza. Mji umekaa kwenye uwanda ulioinuka, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ardhi iko wazi na miti mikubwa ni ya kutafuta. Miezi ya kiangazi, hasa Juni hadi Oktoba, upepo wa kusini mashariki unavuma siku baada ya siku, na unazidi kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo mazungumzo marefu yapange asubuhi, kabla ya saa nne, na mchana uachie picha zisizo na maneno. Ile sponji ndogo nyeusi inayouzwa pamoja na maiki inazuia pumzi ya msemaji tu. Kwa upepo wa huku unahitaji kifuniko cha manyoya. Ukiwa huna, usitafute ujanja kwenye kamera. Mhamishe mwigizaji. Eneo la wazi kama Nyerere Square ni zuri machoni na baya masikioni. Kona ya ukuta mita chache pembeni inaweza kukuokolea siku nzima. Mgeuze mwigizaji mgongo wake upokee upepo, maiki ikae upande uliojikinga. Kisha washa kichujio cha sauti nzito, kwenye hezi 80 hivi. Fanya hayo palepale, maana upepo ukishaipiga maiki hadi sauti ikapasuka, mhariri hana la kufanya.

Kama mshukiwa ni nguo, angalia kitambaa. Kitenge kipya bado kina wanga wa kiwandani, ni kigumu, na kila mwigizaji anapopumua kinapiga kelele kama karatasi. Mtu wa mavazi akifue siku mbili kabla. Suti na mashati ya poliesta yana ugonjwa wake: kitambaa kinajisugua chenyewe kwa chenyewe, na mlio wake ni wa juu, mkavu. Kata vipande viwili vya plasta ya hospitali, kimoja kishike maiki kwenye nguo ya nje, kingine kwenye nguo ya ndani au ngozi, ili tabaka zote zitembee pamoja na maiki. Waya wake uache kitanzi kidogo chini ya maiki na ukibandike, usivutwe mwigizaji anapoinua mkono.

Mlio mnene usiobadilika, uuuu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, unatoka kwenye umeme. Chomoa chaja ya kinasa sauti au ya kompyuta iliyounganishwa nacho, kifanye kazi kwa betri. Mlio ukiisha, tatizo ni waya wa ardhi wa jengo lile, nawe endelea na betri siku hiyo. Usipoisha, fuatilia waya wa maiki. Umelazwa sambamba na waya wa umeme? Zitenganishe, na pale zinapolazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Baada ya hapo sikiliza chumba chenyewe. Friji la soda kwenye mgahawa linaunguruma bila mtu kuligundua mpaka uvae hedifoni. Muombe mwenyewe alizime, na weka funguo za gari lako juu ya friji hilo. Hutaondoka bila funguo, kwa hiyo hutaondoka bila kuliwasha, na vinywaji vya mama wa watu havitaharibika.

Sauti inayokatika katika, neno lipo, neno halipo, ni ya maiki zisizo na waya. Nyingi kati ya zile za bei nafuu zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo hayohayo ya Wi-Fi na Bluetooth. Karibu na maofisi au hoteli hewa imejaa. Weka simu za timu nzima kwenye hali ya ndege, zima hotspoti, kisha jaribu tena. Bado? Angalia mwigizaji ameelekea wapi. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yanayameza masafa hayo. Kisambazaji, kile kiboksi cha maiki kinachorusha sauti, kikiwa kiunoni kwa nyuma na kamera ikiwa mbele, mwili umesimama katikati. Kihamishie upande wa kamera.

Yapo mengine ambayo si kasoro hata kidogo. Ni mji unaishi. Adhana, kengele za kanisa, honi za bodaboda, mashine ya kuchomelea mageti, ndege zinazotua uwanja ulio ndani ya mji. Kwa adhana, usimwendee mtu kuomba chochote. Jua nyakati zake na upange ratiba kuzizunguka. Machweo ya Dodoma yanaangukia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni kutegemea mwezi, na adhana ya magharibi inafuata palepale, yaani ndani ya ule mwanga mzuri unaoutaka. Dakika hizo zipange kwa picha za kutembea, za mji, za uso unaotazama tu. Maneno yawe yamekwisha. Fundi wa kuchomelea anazungumzika: mfuate kabla hujawasha kamera, muulize ana kazi ya haraka kiasi gani, mlipe muda wake atakaokaa kimya. Na popote ulipo, kabla ya kuhama, rekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kuongea. Mhariri atakushukuru anapoziba mianya.

Mistari inatembea juu ya picha

Umeingia dukani Uhindini au kwenye saluni Area C, taa zinawaka vizuri, macho hayaoni tatizo, lakini kwenye kioo cha kamera kuna mikanda ya giza inayopanda au kushuka. Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa nyingi zinafifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, na shata ya kamera, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, isipolingana na mdundo huo inakamata vipande vya kufifia.

Kamera nyingi zinaingia nchini zikiwa zimepangwa kwa masoko ya hezi 60, kwa hiyo zinakuja na fremu 30 na shata ya 1/60 ya sekunde. Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha kukiangalia. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo, badilisha kutoka NTSC (mfumo wa hezi 60) kwenda PAL (wa hezi 50), chagua fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Kwa simu, tafuta kipengele cha kuzuia kumetameta, weka 50. Ukitaka mwendo wa polepole chini ya taa hizo, tumia fremu 50 na shata ya 1/100, au fremu 100 na 1/100. Fremu 120 zitakuletea mikanda tena.

Umefanya hayo na mistari bado ipo? Basi taa yenyewe ina mdundo wake. Balbu rahisi za LED, mabango ya dukani yenye maandishi yanayokimbia na taa za sola huenda zisifuate hezi 50. Zima moja moja uone ipi inasababisha. Ukiikuta, ibadilishe kwa balbu yako. Balbu mbili tatu nzuri kwenye begi ni mzigo mdogo. Bango la jirani ambalo huwezi kulizima, pandisha au shusha shata kidogo kidogo huku ukitazama mpaka mkanda utulie, au geuza kamera.

Kamera inajizima yenyewe

Tazama saa, kwa sababu muda wa kujizima ndio unaotaja chanzo. Ikizima baada ya sekunde chache, kadi ya kumbukumbu ni ya polepole kuliko picha unayoiandika. Tumia yenye alama ya kasi ya V30 au zaidi, na uiformati ndani ya kamera yenyewe. Ikizima kwenye dakika 29 na sekunde 59 kamili, hicho ni kikomo cha kiwandani, kata na uanze upya kabla hakijafika. Ikizima baada ya dakika kumi, ishirini, wakati mwingine na alama ya kipimajoto kwenye kioo, ni joto.

Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ndiyo miezi ya kuliogopa joto. Hewa inapita nyuzi 30, lakini kamera nyeusi iliyosimama juani inapata moto kuliko hewa. Mwavuli juu ya kamera muda wote, hata wakati wa mapumziko. Fungua kioo cha pembeni cha kamera kiache nafasi nyuma yake ili joto litoke, toa kadi na betri mkiwa mnakula, na usirekodi 4K kwa tukio ambalo halihitaji. Kamera isiachwe kwenye gari lililofungwa vioo.

Picha si kali ingawa fokasi iko sawa

Simamisha kamera kwenye stendi yake, vuta kwa lenzi ndefu hadi kwenye namba ya gari lililoegeshwa, kaa ukiitazama.

Herufi zikicheza cheza ilhali gari na kamera havitikisiki, unatazama hewa ya moto. Lami inapochomwa na jua, hewa juu yake inapanda kwa mafungu yenye joto tofauti, na mwanga unapinda unapoyapita. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka, kama ile ya kwenda Mtumba na Chamwino, hali hii inaanza asubuhi mapema kuliko unavyodhani. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoiponya. Sogea karibu, tumia lenzi fupi, inua kamera juu ya usawa wa lami, au shuti picha hiyo mara baada ya jua kuchomoza.

Herufi zikiwa na ukungu uleule bila kucheza, na kila kitu kingine pia, ni kioo cha mbele cha lenzi kimeshika vumbi au alama ya kidole. Kitu kilicho mbele au nyuma ya gari kikiwa kikali kuliko gari, fokasi haikuwa sawa.

Madoadoa meusi yasiyohama hata ukigeuza kamera ni vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Elekeza kwenye anga nyeupe, funga tundu la mwanga la lenzi hadi f/16 au f/22, utayaona yote. Puliza kwa pampu ya mkono, uso wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki. Kinga ni kutobadilisha lenzi nje wakati wa upepo. Ingia garini, funga vioo, badilishia ndani ya foronya safi. Mifuko laini ya plastiki ambayo zamani ilifunika kamera ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kifuniko cha mvua cha kushonesha kwa fundi ni kitu cha kuwa nacho kabla ya safari.

Nyuso zina rangi ya ajabu, au hazionekani kabisa

Sokoni Majengo au Sabasaba, mama anayeuza nyanya amekaa chini ya turubai la bluu. Jua linapita kwenye turubai, na uso wake, mikono yake, hata nyanya zenyewe zinapata ubluu. Nusu ya mkono uliotoka nje ya kivuli ni ya njano. Kamera iliyoachwa ijipangie rangi yenyewe inayumba kati ya hizo mbili, kila picha na rangi yake, na mhariri analia usiku. Weka karatasi nyeupe chini ya turubai, pale uso ulipo, upime rangi hapo na kuifunga. Ikiwa sehemu ya juani inaingia kwenye fremu na huwezi kuikwepa, omba ruhusa ya kufunga shuka jeupe chini ya turubai, juu ya kichwa cha mama. Shuka halimalizi ubluu wote, lakini linaupunguza na kulainisha mwanga. Njia ya tatu ni kumsogeza mama hadi ukingo wa kivuli, uso ukitazama nje. Mwanga wa anga unamfikia, bluu inabaki mgongoni.

Udongo mwekundu nao unarudisha mwanga wake kutoka chini. Uso unaomulikwa na udongo una wekundu kidevuni na chini ya macho. Wakati mwingine unapendeza, na mimi huuacha kwenye matukio ya kijijini. Usipoutaka, tandika kitambaa cheusi chini, nje ya fremu.

Uso mweusi kabisa mbele ya ukuta mweupe au anga ni kosa la kipimo cha kamera. Kamera inapima wastani wa fremu nzima, inaona weupe mwingi, inafunga mwanga. Kamera haimjui mwigizaji wako. Pima kwenye ngozi ya uso, acha anga iungue kidogo ikibidi. Afadhali zaidi, mgeuze mtu ili nyuma yake kuwe na ukuta wa rangi iliyokolea, mti au kivuli. Ngozi zetu zinapendeza sana zikipewa mwanga mpana wa upande mmoja: shuka jeupe lililovutwa kati ya stendi mbili linatosha. Kwa hili sikubaliani na wanaosema litarekebishwa kwenye kompyuta. Giza lisilo na taarifa likiangazwa linatoa chembechembe tu.

Macho yakiwa mashimo meusi, ni jua la utosini. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua linapita juu ya utosi kabisa mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Timu inayotoka Dar ikumbuke kuwa jua la huku linachelewa kwa karibu robo saa kulinganisha na la pwani: kilele chake ni kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba kasoro dakika kumi mchana. Muda huo shuti ndani, kuleni, au tafuteni mbuyu wenye majani, ambao kwa kiangazi haupo, kwa hiyo kibaraza. Mwanga laini wa jioni nao ni mfupi, kama nusu saa tu, na baada ya machweo una dakika ishirini hivi za anga ya bluu. Mazoezi yafanyike kabla, si ndani ya dakika hizo.

Kuna dalili moja ya mchana inayochanganya watu: mwendo unaokatakata, mikono ya mwigizaji inaruka ruka. Kamera haina hitilafu. Mtu amepandisha shata hadi 1/1000 ili kupunguza jua. Irudishe 1/50, vaa filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 5 au 6 (kila stopu inaukata kwa nusu) mbele ya lenzi, na utaweza kubaki f/4 kwa ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 100 hata juani.

Watu wamegoma, au wamejaa wote mbele ya lenzi

Mtaa ukigoma, sababu haiwi chuki. Inakuwa ni swali ambalo hujalijibu. Kabla ya siku ya kushuti, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mtendaji, wote wawili: mmoja amechaguliwa na wakazi, mwingine ni mwajiriwa, na ukimpitia mmoja tu mwingine atasikia kwa watu. Kisha pita kwenye vibanda kimoja kimoja.

"Shikamoo mama. Tunashuti tamthilia hapa kesho asubuhi, nusu saa hivi. Kibanda chako kitaonekana nyuma. Unaridhia?"

"Marahaba mwanangu. Na wateja wangu mtawazuia wasije?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Anapika chapati, wateja wake ni wa saa mbili kwenda saa tatu, na wewe umepanga kumzibia njia muda huohuo. Jibu lake si maneno matamu. Ni kubadilisha saa, au kununua mapato ya nusu saa hiyo, ukiipa timu nzima kifungua kinywa pale pale. Wazee wa Kigogo ukiwaamkia kwa "Mbukwenyi" utaona nyuso zinafunguka; ni adabu, na adabu inatangulia kamera.

Swali la pili ni "Mnapiga mnapeleka wapi?" Mjibu kwa jina la kazi, itaonyeshwa wapi, na nani wa kumpigia simu akibadili mawazo. Kwa atakayeonekana wazi au kuongea, awe na fomu ya ridhaa ya Kiswahili, ukurasa mmoja, aisomewe kama hasomi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa sura na sauti ya mtu. Mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Kwa watoto wanaojazana na kutazama kamera, kufukuza kunazidisha. Weka kamera ya pili, hata simu kwenye stendi, mita thelathini pembeni, mtu wa timu awashutie wakicheza kweli na kuwaonyesha. Wapita njia wakubwa wanatazama lenzi kwa sababu kamera imesimama tu inawasubiri. Ikae pale robo saa bila kurekodi, watazoea.

Mlinzi anakuzuia ilhali una kibali

Kibali cha kushuti filamu kinatolewa na Bodi ya Filamu Tanzania, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ukiwa nacho na bado unazuiwa, soma karatasi yako kabla ya kubishana. Je, mahali uliposimama pameandikwa? Tarehe ni ya leo? Kibali cha "Dodoma mjini" hakifungui geti la taasisi. Ofisi ya jiji, polisi wa eneo na mwenye jengo kila mmoja apate barua yake mapema, na nakala iliyogongwa muhuri iwe mkononi mwa mtu wa timu asiyeshika kifaa.

Chanzo cha pili ni kwamba bosi ameridhia lakini zamu ya getini haikuambiwa. Mlinzi anafanya kazi yake. Mpe jina la aliyeridhia, subiri apige simu, usiwashe kamera huku ukisubiri.

Cha tatu ndicho kinachokamata watu wengi katika makao makuu ya nchi: kilicho nyuma ya mwigizaji. Umesimama barabarani kihalali, lakini fremu imebeba Bunge, kituo cha polisi, kambi, geti la Ikulu ya Chamwino au uwanja wa ndege. Geuza kamera. Usijaribu kueleza kwamba utaweka ukungu. Katika Mji wa Serikali pale Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, kila wizara ina ridhaa yake. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kwa jinsi uwanja wa ndege ulivyo karibu na katikati ya mji, ushauri wangu ni kuandika skripti isiyoitegemea. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji vinatoa picha pana za kutosha. Uliza kwanza kilima ni cha nani.

Barabara imefungwa, vyumba havipo

Angalia kalenda ya Bunge. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba vinajaa, bei zinapanda, na misafara ya viongozi inasimamisha magari barabara kuu. Matukio ya barabarani yapeleke Jumamosi na Jumapili asubuhi, na usipange matukio mawili yanayotenganishwa na barabara ya Morogoro ndani ya saa moja.

Vipande havishikani mezani kwa mhariri

Mwigizaji anafunga mlango Februari na kutokea upande wa pili Agosti. Dodoma haikuruhusu hilo. Mvua zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, majani yanashika kila mahali, mibuyu inavaa. Ikifika Julai kote ni kahawia na mibuyu iko uchi. Matukio ya nje yanayofuatana kwenye hadithi yashutiwe msimu mmoja. Ukilazimika kurudi, bana fremu kwenye nyuso na kuta. Na kuta nazo zinakwenda mbio: mji uliopewa hadhi ya jiji Aprili 2018 unajengwa kila kona, barabara ya mzunguko ya nje pekee ina urefu wa kilomita 112.3. Piga picha za mnato za kila upande wa lokesheni, na siku moja kabla ya kurudi tuma mtu akazilinganishe.

La mwisho mezani ni muziki. Umeshuti mazungumzo mazuri, na nyuma redio ya kinyozi inapiga wimbo unaojulikana. Kwanza, ukikata sentensi, wimbo unaruka. Pili, ukiipandisha video mtandaoni, mfumo wa kutambua nyimbo unaweza kuizuia au kupeleka mapato kwa mwenye wimbo, na ni haki yake. Kuutoa wimbo uliochanganyika na sauti ya mtu kunaharibu sauti yenyewe. Kwa hiyo siku ya lokesheni tembea mita hamsini kila upande ukiwa na hedifoni kabla ya tukio la kwanza, zungumza na kinyozi, na muziki wa tukio utengenezewe baadaye na mtu aliyekupa haki zake kwa maandishi. Ikiwa tayari umeshuti na wimbo upo, mwite mwigizaji kabla hajasahau mdundo wa maneno yake, mkae kwenye chumba chenye magodoro ukutani, arudie mistari akijitazama kwenye skrini, na chini yake utandike ile nusu dakika ya sauti ya mtaa, mradi uliirekodi redio ikiwa imezimwa.